Pipa la plastiki kuwa boila ya bia: uchague lipi, utoboe wapi

Pipa la plastiki la chakula linaweza kuchemsha maji ya kimea miaka na miaka bila kuyeyuka, mradi joto litoke ndani kwa elementi ya umeme, si chini kwa moto au gesi. Plastiki ya HDPE huyeyuka karibu na nyuzi 130. Maji ya Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, ya Nakuru, kwa ajili ya mwinuko, kwenye 94. Nafasi hiyo inatosha. Mapipa huharibikia kwingine: tundu baya, elementi iliyowaka bila maji, au pipa lisilofaa tangu siku ya kununuliwa.

Geuza pipa utazame kitako. Pembetatu yenye namba 2 ni HDPE. Namba 5 ni PP, plastiki ya aina nyingine ambayo hustahimili joto vizuri zaidi. Namba 1 na 4 ziache. Tafuta pia alama ya glasi na uma, ya vyombo vya chakula. Muuzaji wa soko la Kibuye, Kisumu, au wa jua kali Nakuru atakuapia kwamba lilibeba juisi, lakini mapipa ya buluu hubeba pia asidi, sabuni na dawa za shamba, na plastiki hufyonza. Lijaze maji moto, lifunike, lilale hivyo hadi asubuhi, kisha unuse. Harufu yoyote isiyo ya chakula, lirudishe. Kwa bia lita 20 chukua pipa la lita 60 lenye mdomo mpana, maana povu la kimea hupanda ghafla likamwagika.

Elementi iwe ya kufungwa kwa nati na raba, kilowati 3. Ile koili ya kutumbukiza kwenye karai haifai kabisa: huegemea ukuta wa pipa na kuuyeyusha, na nyingi hazina waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Toboa tundu la elementi kiasi cha sentimita 6 kutoka chini, na la koki upande wa pili, sentimita 3. Tumia drili yenye msumeno wa duara wa kipimo kile kile cha shingo ya elementi. Kisu kilichopashwa moto huacha ukingo wenye mawimbi, na hapo maji yatapita hata ukaze vipi. Lainisha ukingo kwa msasa. Ukuta wa pipa umepinda, kwa hiyo weka raba nene ya silikoni ndani, kisha ukaze nati kwa kiasi.

Sasa chemsha maji matupu kwa saa nzima, nje ya nyumba. Joto hulainisha plastiki ikajikalia kwenye raba. Likipoa, kaza nati robo mzunguko. Kuvuja kidogo baada ya mchemsho huu wa kwanza ni kawaida. Kuvuja tena baada ya kukaza ni dalili kwamba tundu ni kubwa mno.

Kwenye umeme usibane matumizi. Kilowati 3 kwa volti 240 ni ampea 12.5, karibu ukomo wa plagi ya ampea 13, tena kwa saa mbili hivi. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba moja kwa moja hadi soketi ya ukutani. Ekstensheni iliyokunjwa huungua. Mwite fundi apime ethi, kwani ploti nyingi za kupanga hazina, na afunge swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30.

Anza na lita 26. Zitachemka baada ya dakika 50 hivi, na kila saa utapoteza lita 3 hadi 4. Nakuru chemsha dakika 90 badala ya 60: kwenye nyuzi 94 hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hutoa uchungu polepole, na harufu ya kabeji iliyopikwa inayotokana na kimea huchelewa kutoka. Usifunge kifuniko, mvuke lazima utoke. Umeme ukipotea, subiri, kisha hesabu dakika za kuchemka tu. Ukitia sukari au asali ya kimea (sharubati nzito ya kimea), zima kwanza, ukoroge hadi iyeyuke, la sivyo huzama na kuungua kwenye elementi. Usilibebe pipa likiwa moto, kuta zake zimelegea.

Maji ya visima vya Nakuru mara nyingi yana floridi nyingi, madini yanayotia meno madoa, na kuchemsha hakuiondoi, huizidisha tu kadiri maji yanavyopungua. Maji ya mvua ni bora.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza pombe, basi uliza kaunti kabla ya kununua hata koki.

Ukimaliza, sugua elementi siku hiyo hiyo kwa siki na kitambaa laini. Ukoko mweusi ukiachwa huzuia joto, elementi hujichoma, na bia inayofuata hunuka moshi.