Ratiba yangu hufuata njia, haifuati saa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni mtindo gani wa kupanga mambo kwenye karatasi unaomfaa mtu mwenye shughuli nyingi. Mimi ni fundi wa nguo hapa Roysambu, Nairobi, nina watoto shuleni na mume anayefanya kazi za zamu. Ushauri wangu ni huu: achaneni na shajara zenye saa.

Zile shajara nene ambazo kampuni hugawa kila Desemba zilitengenezewa mtu anayekaa mahali pamoja, watu wakamfuata. Saa mbili ina mstari wake, saa tatu wake, hadi jioni. Sasa mimi nikiandika "saa nne, Eastleigh", hiyo saa nne naipata wapi? Mvua ikinyesha kidogo tu, Barabara ya Thika inafunga, na ukurasa mzima umeharibika kabla hujafika Pangani.

Kwa hiyo ukurasa wangu wa siku nimeugawa kwa mahali. Juu kabisa naandika Nyumbani, halafu Dukani, Eastleigh, Ngara, na Mjini chini kabisa, jinsi ninavyopafikia nikitoka kwangu. Jumatano iliyopita ulikuwa hivi. Nyumbani: tokeni za stima, kutia sahihi barua ya shule. Dukani: kukata suti ya bwana harusi, kumpigia mama wa gauni la zambarau aje kujaribu. Eastleigh: satini nyeupe, bitana. Ngara: mkasi uliopelekwa kunolewa. Mjini, Biashara Street: zipu nyeusi za inchi 8, vifungo vya dhahabu (nenda na sampuli!). Sikuandika saa hata moja. Foleni ikinikalisha Muthaiga, orodha haiharibiki, na nikifika Eastleigh naona papo hapo kilichonipeleka. Zamani ningetoka huko na satini, bitana nikaikumbuka nikiwa tayari kwenye matatu.

Alama nimeziazima kwa Ryder Carroll, Mmarekani aliyetangaza mwaka 2013 mtindo wake wa kupanga mambo kwenye daftari, uitwao Bullet Journal. Nukta ni kazi, duara ni tukio, kistari ni maelezo. Kazi ikiisha, nukta inageuzwa kuwa X. Mtandaoni utakuta watu wameupamba mtindo huo kwa maua na kalamu za rangi kumi, ukadhani ni somo la sanaa. Alioueleza yeye unahitaji daftari na kalamu tu. Wapo wanaoagiza daftari la Leuchtturm1917 la Ujerumani, ambalo kurasa zake huja na nambari. Mimi hununua kaunta buku ya kwaya mbili, jalada gumu, nikaandika nambari mwenyewe huku chai ikichemka. Faida nyingine: simu hunyakuliwa dirishani mwa matatu, lakini kaunta buku sijasikia ikiibwa.

Ila kitu cha Carroll nisichoweza kukiacha ni kuhamisha. Mwezi ukiisha, kila kazi ambayo haijafanywa unainakili upya kwa mkono kwenye mwezi unaofuata, au unaipiga mstari. Kunakili kunachosha, na uchovu huo ndio unaokuuliza kama kazi yenyewe ina maana. "Kupanga vitambaa vya mabaki kwa rangi" nilikuwa nakihamisha hadi mkono ukakataa. Nikakipiga mstari, na wateja hawajalalamika. Simu haikuulizi hivyo. Inakukumbusha jambo lilelile kila asubuhi mpaka unazoea kulipuuza.

Kurasa za mwanzo nimeziachia miezi ijayo. Januari ni sare na karo kwa pamoja, kwa hiyo oda za sare naanza kuziandika tangu Oktoba. Juni 30 ni mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato. Idd naiandika kwa penseli, kwa sababu kila mwaka huwahi kwa takriban siku 11 na mwandamo wa mwezi ndio unaoamua, nao wateja wangu wa Eastleigh wanataka dera na kanzu ziwe zimepigwa pasi siku kadhaa kabla. Zamu za mume wangu huziandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya, maana nikimwandikia mimi hazisomi.

Simu sijaitupa. Kengele ya kuwachukua watoto inalia humo, kwa kuwa karatasi haipigi kelele. Na kama wewe ni daktari wa meno au mwalimu mwenye vipindi, saa zako ni za kweli, shajara ya Desemba itakufaa. Mimi ya mwaka huu nimempa binti yangu, anaandikia hesabu za sabuni na sukari anazotumwa dukani. Chenji sasa inarudi kamili.

Msomaji wenu,
Fundi wa Roysambu