Umetundika daluga? Usiukimbilie ukocha mkuu

Kijana mmoja aliyeumia goti msimu uliopita kanipigia simu akitaka kujua afanyeje awe kocha wa futi. Tuliongea mpaka chai yangu ikapoa. Nayaweka hapa niliyomwambia, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Futi ninayoisema ni ile ya Australia. Wachezaji 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai, milingoti minne kila mwisho na hakuna wavu. Mpira wenyewe umekaa kama papai dogo. Ukidunda hujui utakwenda wapi. Ukiupiga teke ukapita kati ya milingoti miwili mirefu, pointi 6. Ukipita pembeni yake, 1. Kumrushia mwenzako kwa mkono ni marufuku, unaupiga ngumi au teke. Sisi wa Tanga tuliolelewa na soka huwa tunacheka siku ya kwanza. Miezi mitatu baadaye unajikuta umekauka sauti kwenye treni ya kurudi kutoka MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne.

Nilicheza misimu minne, beki, daraja la chini kabisa huku magharibi mwa Melbourne, mpaka goti likakataa. Haukupita mwezi klabu ikanikabidhi watoto wa chini ya miaka 12. Ukweli ni kwamba hawakuwa na mtu mwingine. Mimi nikaona nimeteuliwa.

Mechi ya tatu, Jumapili ya Julai, baridi inakata masikio. Mtoto wetu mmoja kaudaka mpira vizuri sana, mbele yake kweupe. Mimi huku pembeni: "Piga! Hapana, kulia! Kulia! Subiri kwanza!" Mtoto akasimama, mpira kaukumbatia kifuani kama mkate wa moto, akageuza shingo kunitazama mimi badala ya uwanja. Akazolewa palepale, mpira ukaenda. Mzee wa klabu aliyekuwa akikata machungwa ya mapumziko hakuinua hata macho kwenye kisu. Akasema, "Wewe bado unacheza."

Nilikasirika siku nzima. Usiku nikajua kasema kweli.

Ndiyo maana huwa namtolea mfano kocha Damien Hardwick. Alikuwa beki mgumu, wa kugongana bila kuuliza, si fundi wa kushangiliwa. Akatwaa ubingwa wa ligi kuu na klabu ya Essendon mwaka 2000, akahamia klabu ya Port Adelaide, akatwaa tena 2004 na kustaafu akiwa bingwa. Mtu wa namna hiyo angeweza kujiona ameshahitimu. Yeye akaenda klabu ya Hawthorn kuwa msaidizi wa kocha mkuu Alastair Clarkson miaka mitano, na 2008 wakachukua kombe, yeye akiwa hayupo mbele ya kamera. Richmond walipompa ukocha mkuu msimu wa 2010, alipoteza mechi tisa za kwanza mfululizo. Tisa! Hebu fikiria angekuwa hajawahi kukaa benchi la mtu mwingine akaona jinsi kocha anavyopokea kipigo Jumamosi na kuingia mazoezini Jumatatu na uso wa kawaida.

Mfano wa upande wa pili ni Michael Voss. Huyu alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Hardwick, nahodha wa Brisbane waliochukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2001 hadi 2003. Brisbane wakampa timu moja kwa moja msimu wa 2009 bila kupita usaidizi, na 2013 wakamwondoa. Ninachomheshimia ni alichofanya baadaye: alikwenda Port Adelaide akawa msaidizi kwa miaka kadhaa, nahodha mzima anashika ubao wa mwenzake, ndipo klabu ya Carlton wakamchukua kuwa kocha mkuu, na 2023 akawafikisha nusu fainali. Darasa alilolikwepa mwanzo alilirudia mwisho.

Basi ushauri wangu wa kwanza: omba usaidizi, hata kama umepewa ukuu. Mimi nilirudisha ile timu nikaomba kuwa mpeleka maji. Mpeleka maji anaingia uwanjani mpira ukiwa mbali, anasikia wachezaji wanavyosemana, anajua nani anaogopa na nani anajifanya kaumia. Misimu miwili ya chupa za maji ilinifunza kuliko minne ya kucheza.

La pili linanikera mwenyewe kulisema, kwa sababu bado sijaliweza. Acha kuhesabu makosa. Beki tumezoea hivyo; kazi yetu yote ni kuona hatari inatokea wapi. Hardwick naye alinasa hapo. Richmond waliingia mtoano 2013, 2014 na 2015 na kutolewa mechi ya kwanza kila mara, kisha 2016 wakaporomoka hadi nafasi ya 13, na watu wakataka aondoke. Klabu ilimbakiza, ikamwongezea watu wazima wa kumzunguka, kama Neil Balme, meneja mkongwe wa futi. Naye akabadilika, akaanza kutazama mchezaji anaweza nini badala ya kinachomshinda. Msimu wa 2017 wachezaji walikuwa wanasimama mmoja mmoja mbele ya wenzao kusimulia shujaa wao, shida iliyowapata na siku yao ya furaha. Mwaka huohuo wakaifunga Adelaide kwa tofauti ya pointi 48, ubingwa wa kwanza wa Richmond tangu 1980. Wakaongeza 2019 na 2020.

Simulizi peke yake hazishindi mechi, na nyota wao Dustin Martin alikuwa kwenye ubora wa kutisha mwaka ule. Lakini nilijaribu na watoto wangu niliporudishiwa timu. Yule wa mpira kifuani akasema shujaa wake ni Aliir Aliir, beki wa ligi kuu, kwa sababu alizaliwa Kakuma, Kenya, kama shangazi yake. Nilikuwa nimemfundisha msimu karibu mzima bila kulijua hilo.

La mwisho ni dogo. Mei 2023, baada ya zaidi ya mechi 300, Hardwick alisema amechoka, akaondoka Richmond katikati ya msimu. Msimu uliofuata alikuwa Gold Coast. Ukichoka, sema mapema, klabu itafute mtu. Mimi siku hizi nikihisi nataka kupiga kelele naenda kwenye meza ya machungwa. Mzee kanipa kisu cha pili.