Locke na Voltaire: baba wa uhuru au wanafiki?

SWALI: Mwalimu anasema Locke na Voltaire walipigania uhuru. Mwenzangu anasema walikuwa wanafiki walionufaika na utumwa. Nimfuate nani? – Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Neno "wanafiki" linakunyima kazi yenyewe, yaani kutafuta mahali hoja ilipoachiwa mwanya. Tumchukue Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17. Alikuwa katibu wa wamiliki wa Carolina, koloni la Waingereza huko Amerika, ambalo katiba yake ya 1669 ilimpa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Hisa alizonunua katika Royal African Company, kampuni ya kusafirisha watumwa, zilifikia pauni 600. Kisha kitabu chake cha serikali, chenye risala mbili, kilichotoka 1689, kinaanza kwa kuulaani utumwa! Mwanya uko katika sura ya nne ya risala ya pili: mateka wa vita vya haki anaweza kufanywa mtumwa. Wafanyabiashara wa watumwa walipenda sana hoja hiyo. Lakini endelea hadi sura ya 16, ambako wengi hawafiki. Pale Locke anasema watoto wa mateka ni watu huru. Kwa kanuni yake mwenyewe, basi, mtoto aliyezaliwa shambani Carolina hakuwa mtumwa wa mtu.

Kwa Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa wa zama za Voltaire, jihadhari na mtego mwingine. Katika kitabu chake cha sheria cha 1748, sehemu ya 15, sura ya tano, anasema sukari ingekuwa ghali mno bila watumwa. Hiyo ni kejeli, na wanafunzi huinukuu kana kwamba ni imani yake. Udhaifu wake halisi uko sura mbili mbele, anapokubali kwa dhati kwamba katika nchi za joto kali utumwa una sababu ya kimaumbile.

Voltaire, mwandishi Mfaransa, ndiye aliyemwandika mtumwa wa Suriname aliyekatwa mkono na mguu, katika hadithi yake Candide ya 1759. Kwingineko alishikilia kwamba weusi na weupe hawana asili moja. Condorcet, mwanafalsafa mwingine Mfaransa, aliukataa utumwa waziwazi mwaka 1781, ila mpango wake wa kuumaliza ungechukua takriban miaka 70. Huyo, kwa maoni yetu, ndiye wa kusomwa kwanza, kwa kuwa kusitasita kwake kumeandikwa kwa tarakimu.

SWALI: Je, mijadala hiyo iligusa pwani yetu?

JIBU: Iligusa, na vibaya. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, Morisi na Bourbon (Réunion ya leo). Tangu 1767 hadi 1772 Pierre Poivre, Mfaransa, alikuwa msimamizi mkuu wa mambo ya kiraia Morisi, chini ya gavana. Poivre huyo alikuwa ameandika kwamba ardhi hustawi ikilimwa na watu huru, halafu akasaidia kuendesha kisiwa ambacho wakazi wake wengi walikuwa watumwa.

Paris ilifuta utumwa Februari 1794, baada ya watumwa wa koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, Haiti ya leo, kuasi tangu 1791. Wajumbe waliopeleka amri hiyo Morisi mwaka 1796 walifukuzwa na walowezi. Utumwa ulifutwa huko 1835 tu, kisiwa kikiwa tayari mikononi mwa Waingereza.