Ni utani, kijembe au anakusanifu?

SWALI: Dada, mi nimeolewa Temeke, sasa wifi yangu kila nikipita uani anaanza kuongea na ukuta, eti "wengine kucha ndefu ila chapati hawajui hata kusukuma", na juzi kajifunga kanga ya HASIDI HANA SABABU kaja kukaa mlangoni kwangu. Mume wangu anasema ni utani tu. Ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, hicho ni kijembe, tena kimenolewa. Mtani anakutazama usoni anakwambia na wewe unamrudishia, mnacheka yameisha. Kijembe hakitaji jina na ndo ujanja wake, maana ukijibu tu unaulizwa "kwani nimekutaja?" na hapo ushajitaja mwenyewe, uani wote wanajua chapati zinazosemwa ni zako. Huu mchezo ndo uliowapa ulaji waimba taarab za mipasho, waliokuwepo Dar miaka ya 90 wanakumbuka vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, na mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga. Siku hizi mipasho imehamia kwenye status za WhatsApp, mtu anatupia maneno usiku halafu watu kibao hawalali, kila mmoja anajiuliza ni mimi?

Kama kunyamaza kumekushinda basi muulize kwa upole mbele ya mama mkwe, "wifi, zile chapati ulizosema ni zangu?" Atakataa, na akishakataa mbele ya mama yake kurudia itakuwa ngumu. Ila usikimbilie kumsuta! Kusuta ni habari nyingine kabisa, unakusanya wanawake, mnashona sare, mnaenda na ngoma hadi mlangoni kwake na maneno anasomewa kwa jina lake moja baada ya jingine, sasa wewe ushahidi wako ni kanga? Itakugeukia wewe. Na chapati jifunze tu, sikufichi.

SWALI: Mimi ni Mkenya wa Nakuru, nafanya kazi Dar. Nilimwambia jamaa wa ofisini "leo umevaa kama waziri" akanuna, akasema niache kumsanifu. Si sanifu ni Kiswahili cha shule?

JIBU: Ya shule ipo, na ya mtaani ipo pia kaka. Kumsanifu mtu ni kumsifia huku moyoni unamcheka, unamvimbisha kichwa ili wengine wapate burudani. Ni jirani kabisa na kumcheza shere. Ndo maana ukimwambia Mswahili wa mtaani kwamba tangu 1930 kulikuwa na kamati nzima ya kusanifu Kiswahili anaweza akacheka peke yake. Huko kwenu mna mchongoano, lakini ule kila mtu anajua ni mchezo, unachongoa unachongolewa, mwenye kali zaidi anashangiliwa. Anayesanifiwa hajui, akijua ndo ananuna. Jamaa alidhani shati lake baya. Mwambie tu "kaka shati limekukaa", uwaziri wachia bungeni.

SWALI: Bosi ananiita kiazi mbele ya wateja, nikikasirika anasema yeye Mngoni mimi Mhehe, sisi watani. Nivumilie?

JIBU: Utani wenu ni wa kweli, wazee wenu walipigana vita hasa karne ya 19 halafu vita ikaja kuwa ya mdomo. Na mtani ana ruhusa kubwa, msibani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote na hakuna wa kumkasirikia. Lakini ruhusa hiyo mnayo wote wawili. Sasa na wewe mwite kiazi, palepale mbele ya wateja. Akicheka, huyo mtani wako, endeleeni. Akibadilika sura basi alikuwa anakudhihaki na kabila kalifanya kichaka cha kujifichia, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na kama huwa anaongezea "nimekutoa kijijini, unakula kwa sababu yangu", hayo siyo utani wala dhihaka, ni masimango, dawa yake ni kuanza kutafuta kazi nyingine kimyakimya.

Ila hilo jaribio la kiazi lifanye mshahara ukishaingia.