Vigae vya plastiki na mkonge: baruti siyo dawa yake

Mkuu, umeuliza kama wimbi la mshtuko la baruti linaweza kushindilia unga wa plastiki wenye vumbi la mkonge, maana vigae vyako vinamong'onyoka pembeni. Mimi nashindilia mchanganyiko huo hapa Pongwe, Tanga, kwa jeki ya haidroliki na kalibu ya chuma.

Njia hiyo ipo kweli. Mlipuko hupitisha kwenye unga shinikizo la kufikia gigapaskali (kama mara elfu kumi ya shinikizo la hewa), ndani ya maikrosekunde tu, yaani sehemu za milioni za sekunde. Matundu hufungwa ghafla na joto huzuka pale chembe zinapogusana, kabla ndani ya chembe hakujapata moto. Inafaa kwa plastiki kaidi kama PTFE, ile ya Teflon, ambayo ikipita nyuzi 327 za Selsiasi inayeyuka lakini haitiririki. Yako ni polithilini ya madumu. Kwenye nyuzi 130 hivi inaanza kuyeyuka yenyewe, haihitaji baruti. Halafu wimbi likifika ukingoni hurudi likivuta, na hapo kipande hupasuka. Baruti yenyewe ni ya wenye leseni na mafunzo, kama wale wa machimbo ya chokaa. Usiiguse, tafadhali.

Sasa chukua kigae kilichovunjika, kitazame juani pale kwenye mpasuko. Ukiona nyuzi za mkonge zimechomoka safi, zimeacha vishimo laini, ujue plastiki haikuzishika. Ukiona vipovu kandokando ya nyuzi, hayo ni maji. Naamini yako ni maji. Mkonge unafyonza unyevu, na kwa hewa hii ya pwani gunia ulilolianika mchana likilala wazi ghalani, asubuhi limeshalowana tena. Kwenye kalibu maji yanageuka mvuke usio na pa kutokea. Ukifungua mapema unasikia "sss", kigae kinavimba mbele ya macho yako.

Kausha mkonge kwenye oveni, nyuzi 100 na kidogo, ukipima mpaka uzito ugome kushuka, kisha changanya papo hapo. Moto wa kalibu usifike 200, mkonge utaungua. Na usilegeze jeki kigae kikiwa cha moto. Subiri plastiki igande kabisa. Ikiwa nyuzi za mkonge bado zinachomoka, tafuta polithilini iliyopandikizwa maleiki anihidridi, kemikali ya kuunganisha plastiki na nyuzi, asilimia chache zinatosha kuzishikiza.

Ukishakausha, piga picha ya mpasuko kwa karibu uiweke hapa, pamoja na joto na muda uliotumia. Nitaipitia.