Sosi ya siagi na kitunguu saumu: kazi yote iko kwenye moto

Kwangu tukiagiza piza, kikopo cha sosi ndicho kinachoisha kwanza. Watoto wanachovya kingo za mkate mpaka wanakwangua plastiki. Nikaamua kuipika mwenyewe, na mara tatu za mwanzo niliiharibu kwa kosa lile lile: nilikaanga kitunguu saumu kama ninayeunga maharage, mpaka kikawa kahawia. Kwenye maharage kuna nazi na nyanya. Humu hakuna kitu cha kuufunika uchungu ule, na ikishaungua ni kumwaga tu uanze upya.

Tafuta siagi halisi ya maziwa. Majarini itayeyuka vizuri, lakini utamu wa maziwa hauna mbadala. Chukua gramu 100, kata vipande vidogo, virudishe kwenye friji. Twanga punje 4 za kitunguu saumu na chumvi kidogo mpaka zilainike kabisa, kisha ziache dakika 10. Ukali wa kitunguu saumu huzaliwa kinapopondwa, kwa hiyo kipe muda.

Bandika sufuria ndogo kwenye moto mdogo kabisa. Kama unatumia mkaa, ngoja makaa yafifie. Yeyusha kipande kimoja cha siagi, tia kitunguu saumu, ukoroge. Hapa tega sikio: kinatakiwa kinong'one tu. Ukisikia kinachachatika, epua. Baada ya dakika moja hivi, ile harufu inayochoma pua inalainika na kuwa tamu, huku kitunguu bado ni cheupe. Hapo hapo mimina vijiko 2 vya maji.

Sasa toa siagi yako ya baridi, utie kipande kimoja kimoja huku ukipiga kwa uma bila kupumzika. Siagi ni mafuta kwa takriban asilimia 80. Kilichobaki ni maji na chembe za maziwa. Ikiyeyuka taratibu huku inapigwa, vyote vinashikana na sosi inakuwa nzito kama uji mwepesi. Ikichemka, mafuta yanajitenga na kuelea juu. Likikutokea hilo, epua haraka, tia kijiko cha maji baridi, upige kwa nguvu. Mara nyingi inarudi.

Ndimu na giligilani iliyokatwa ndogo ndogo tia ukishaepua. Mimi natosheka na nusu ndimu.

Piza ni mwanzo tu. Chovya kamba wa kuchoma, au muhogo wa kuchoma ukiwa bado wa moto, utanikumbuka.

Ikibaki, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku tatu. Tafadhali usiiache mezani usiku kucha. Kitunguu saumu kibichi kikizama kwenye mafuta sehemu yenye joto kinaweza kuotesha bakteria wenye sumu kali, na sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukushtua.