Beringi na sili za nyuma za guta: isome ya zamani kabla hujafunga mpya

Guta, yaani pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, likiingia gereji linanguruma nyuma, fundi mgeni hukimbilia boksi la spana. Tulia kwanza. Beringi ya nyuma haifi hivi hivi, kuna kilichoiua: maji, oili iliyovuja ikaisha, mzigo uliopita kiasi, au nyundo ya fundi aliyekutangulia. Ukifunga mpya bila kukijua, guta litarudi, na mwenye guta atakutafuta wewe.

Anza kwa kuliendesha. Mngurumo wa beringi hufuata mwendo wa tairi, si mzunguko wa injini. Likishika mwendo, weka gia huru uliache litambae lenyewe. Sauti ikiendelea vile vile, tatizo liko kwenye ekseli. Kisha kata kona pana, kulia na kushoto. Ukikata kulia uzito unalalia upande wa kushoto, kwa hiyo kelele ikizidi hapo, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kushoto. Difu, yaani boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, nalo hunguruma, ila lake kwa kawaida hubadilika unapokanyaga na kuachia mafuta.

Rudi gereji, shusha mzigo wote, tia kabari tairi la mbele, legeza nati za tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Usiingie chini ya guta lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi mbili chini ya bomba la ekseli. Shika tairi juu na chini ulitikise kwa kusukuma na kuvuta, uone kama linacheza. Kisha lizungushe taratibu kwa mkono mmoja, kiganja cha pili kikiwa juu ya springi, karibu na tairi. Beringi iliyochoka utaihisi kwenye kiganja kama mchanga unaosagwa, hata kabla sikio halijasikia kitu.

Tazama pia upande wa ndani wa rimu. Ukikuta unyevu mweusi, chovya kidole usugue. Oili ya difu ni nzito, inateleza, na ina harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi na hula rangi. Wengi hubadilisha sili, yaani ringi ya mpira inayozuia oili isitoke, kumbe kilichovuja ni silinda ya breki, kwa hiyo dakika moja ya kunusa kidole si ya kupuuza.

Kufungua si kazi ngumu. Toa tairi, toa drami. Ikigoma, legeza breki kwanza ndipo uigonge pembeni kidogo kidogo. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo, lifute kwa kitambaa kilicholowa, maana halifai kuingia mapafuni. Kuna maguta ambayo habu yake imeshikwa na nati kubwa yenye kotapini (pini ya kuizuia isilegee), na kuna yale ambayo shafti ina flenji yake (sahani ya chuma kwenye ncha, inayoshika tairi) na beringi hutoka nayo. Haya ya pili ndiyo yanayowatoa wageni jasho, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Nyuma ya flenji kuna bamba linalobana beringi, limeshikwa kwa bolti. Ukishazitoa, shafti huwa bado imeng'ang'ania kwa sababu beringi imekaza ndani ya nyumba yake. Usipige patasi nyuma ya flenji, utaipinda. Geuza drami nje ndani, ivike kwenye stadi (bolti za tairi), funga nati chache kwenye ncha tu ili drami ibaki na nafasi ya kucheza, kisha ivute kwa nguvu kuja kwako mara kadhaa. Uzito wake unafanya kazi ya pula, kifaa cha kuvutia, na shafti inatoka. Weka beseni chini, oili itamwagika.

Sasa isome beringi. Ioshe, ikaushe, na usiizungushe kwa upepo wa kompresa, kwa sababu ikishika kasi ikiwa kavu inaweza kupasuka usoni pako. Kutu na oili yenye rangi ya maziwa ni maji. Bluu au kahawia ya kuungua ni joto, maana yake ilikosa kilainishi. Vishimo vilivyopangana kwa umbali sawa na goroli ni kazi ya nyundo, au ya kishindo kikubwa cha mzigo. Chuma kilichomenyeka upande mmoja tu wa njia ya goroli kinakwambia uzidishaji wa mzigo, ama shafti au bomba la ekseli limepinda. Na kama ringi ya nje inang'aa mgongoni, imekuwa ikizunguka ndani ya nyumba yake, na nyumba imelika. Hapo utaona watu wakipiga nukta ndani ya nyumba kwa pachi, chuma chenye ncha, ili beringi ishike. Itashika kidogo tu, kwa sababu inakaa juu ya vinundu ambavyo vitalala tena. Mwambie mwenye guta ukweli: nyumba hiyo ni ya kutengenezwa kwenye mashine ya kukereza, au ni ya kubadilisha.

Dukani usiseme "nipe beringi ya guta". Soma namba. Kwa beringi kama 6205, 6206 na 6207, tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu kwa milimita. Hivyo 6206 ina tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 62, unene 16. 6305 ina tundu la 25 sawa na 6205, lakini ni nene na pana zaidi, haiingii mahali pake. Herufi zinazofuata zina maana: ZZ ni vifuniko vya bati pande zote, 2RS ni vya mpira, na C3 ni nafasi kubwa kidogo ya goroli kucheza. Nunua kama ilivyotoka, labda kama una hakika aliyetangulia alikosea. Sili nayo imeandikwa namba tatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje, unene.

Sili iliyotolewa haifungwi tena, hata kama inapendeza. Na kabla hujaweka mpya, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Pakiwa na nafasi, ikalishe milimita moja au mbili mbele au nyuma ili mdomo uguse chuma kizima. Pasipo nafasi, shafti ndiyo ya kubadilisha.

Kisha kuna kipumulio, ambacho wageni karibu wote hukisahau. Juu ya nyumba ya difu kuna kitundu chenye kofia ndogo, kazi yake ni kutoa hewa. Ekseli ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na kitundu kikizibwa na matope haina pa kutokea ila kwenye midomo ya sili. Guta linalovuja pande zote mbili wiki chache baada ya sili mpya, mimi naanzia hapo. Kitoe, kioshe, pitisha waya.

Kwenye shafti yenye flenji, beringi imezuiwa na kola ya chuma. Kola hukatwa. Vaa miwani, ichimbe kwa grenda bila kufika kwenye shafti, kisha ipasue kwa tindo. Usitumie moto wa gesi, unaharibu ugumu wa chuma cha shafti. Kabla ya kuingiza kipya chochote, simama upange vitu mezani: bamba kwanza, kisha sili kama inakaa upande huo, kisha beringi, kisha kola mpya. Ukisahau bamba, utalikumbuka kola ikiwa imeshakaza, na kola hiyo itabidi ikatwe tena. Kola ya zamani usiirudishe, wala usiichomelee. Hiyo ndiyo inayozuia tairi kutoka na shafti yake barabarani.

Beringi inayoingia kwenye shafti husukumwa kwa ringi ya ndani tu, kwa presi au bomba lenye kipenyo sawa na ringi hiyo. Ukisukuma ya nje, nguvu inapita kwenye goroli na vile vishimo vinazaliwa siku hiyo hiyo. Ikiwa ngumu, ipashe joto hadi kama nyuzi 100, isizidi 120. Yenye vifuniko usiitumbukize kwenye oili ya moto, ipashe kavu, na isizidi nyuzi 80.

Upande wa sili wenye springi ndogo ya mdomo hutazama oili. Paka oili mdomoni, ikalishe kwa kipande cha bomba pana kinachogusa ukingo wote, ukigonga kidogo kidogo. Unapoingiza shafti, ibebe kwa mikono yote miwili isilalie mdomo wa sili, na meno yakigoma kuingia difu, zungusha, usigonge.

Breki shuu zilizolowa oili zibadilishe, pande zote mbili. Kuziosha kwa petroli ni kujidanganya, zikipata moto oili hutoka tena. Jaza oili ya difu hadi usawa wa tundu la kukagulia, guta likiwa limesimama sawasawa, usizidishe.

Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na habu za pande zote mbili. Vuguvugu linalolingana ni sawa. Upande mmoja ukichoma, angalia kwanza kama breki inakwama kabla hujailaumu beringi. Kaza tena nati za tairi papo hapo, na mwambie dereva arudi kesho yake uzikague, guta likiwa limeshabeba mzigo.